Mtindi wa Kinyozi

Ndugu zangu, nyumba ya kinyozi huyu ilikuwa na raha ya kuonewa wivu. Chumba cha mbele alinyolea watu, cha nyuma mkewe alishona nguo, na siku nzima walitaniana huku kazi ikiendelea.

"Mama Pacha, leo cherehani yako inapiga kelele kukushinda wewe!"

"Angalia sikio la mtu, Baba Pacha."

Kisha mafua yakaingia mtaani, na pacha wao wakashikwa. Kinyozi alikuwa amemsikia mtaalamu redioni akieleza kwamba baadhi ya mtindi una bakteria wazuri, na kwamba huenda wakausaidia mwili kupambana na virusi vya mafua. Mtaalamu alisema huenda. Akaongeza kwamba utafiti bado unaendelea, na kwamba mtindi hauchukui nafasi ya matibabu. Lakini hapo mteja alishakaa kitini na mashine inanguruma, kwa hiyo kinyozi aliambulia nusu ya maneno.

Akawanywesha pacha mtindi, wakapona, kama walivyopona watoto wengine wa mtaa ule ambao hawakunywa chochote. Basi! Tangu hapo kila aliyekuja kunyolewa ndevu alipewa na somo la bakteria. Wateja wakamwita Daktari kwa utani. Yeye hakuuona utani, kichwa kikavimba.

Mafua yakarudi, safari hii kwa mkewe.

"Baba Pacha, kifua kinanibana. Nipeleke hospitali."

"Wakakujaze dawa za kuua bakteria wako wazuri? Kunywa kwanza hiki kikombe."

"Nimekunywa mpaka nimechoka."

"Vumilia kidogo. Watu watasemaje wakisikia mke wa Daktari kakimbilia hospitali?"

Alisema huku akicheka. Mkewe hakucheka. Alipokea kikombe, akanywa.

Siku zilizofuata cherehani ilinyamaza. Kinyozi aliusikia ukimya ule, mkasi ukamsimama mkononi. Lakini mteja alikuwa anamuuliza habari za mtindi, naye akajibu kwa kirefu. Tuseme kweli, wenzangu: kuulizwa ni kutamu.

Aliyeivunja ndoto hiyo ni shemeji yake, ndugu wa mkewe, muuza mboga, aliyekuja kuchukua gauni alilopeleka kushonwa. Alipita nyuma, akatoka anapiga kelele.

"Shemeji! Dada yangu midomo imekuwa ya bluu, na wewe uko hapa unahubiri?"

Walimbeba kwenye teksi, kinyozi akiwa bado na aproni iliyojaa nywele za watu. Hospitalini Mama Pacha alivishwa barakoa ya hewa. Kinyozi akamfuata daktari, daktari wa kweli sasa.

"Mtindi ndio umemdhuru?"

"Mtindi haukumdhuru, mzee. Umemchelewesha. Virusi vimeshayala mapafu."

Mama Pacha hakufa. Lakini alirudi na pumzi fupi. Kutoka kitandani hadi jikoni ilibidi aegemee ukuta, na kukanyaga cherehani hakuweza tena. Kinyozi alimhudumia kwa kila kitu, akaacha kabisa kutoa masomo. Wateja waliotaka dawa ya mtindi wakahamia kwa kinyozi mwingine, ambako waliipata.

Asubuhi moja alimkuta mkewe anavaa viatu, anakohoa ndani ya khanga ili asisikike. Shemeji alikuwa anamsubiri nje.

"Unaumwa? Mbona hukuniambia?"

"Nilishakuambia siku ile," alisema, akajikokota kutoka. Kinyozi alinyoosha mkono amshike. Mkewe akashika wa dada yake.

FUNZO

Wenzangu, mtindi ni chakula kizuri, anywe anayeupenda. Wataalamu wakija kuthibitisha faida yake kwa magonjwa ya kifua, tutashukuru. Lakini pumzi ikibana, mdomo ukibadilika rangi, mkimbize mgonjwa hospitali, umuache aliyekuita Daktari aseme atakavyo. Mwenye kifua ndiye anayejua kinavyombana. Akisema "nipeleke", mpeleke, maana huenda asikuombe tena.