Bolti Mbili za Mparachichi

Nati ya juu kwenye shina la mparachichi ilikuwa na joto. Mke wa Bwana Komeo aliigusa asubuhi moja akianika nguo, jua likiwa bado halijafika upande ule wa ua, akaondoa mkono upesi. Nati ya chini ilikuwa baridi kama chuma chochote kilicholala nje. Akarudisha kiganja juu. Joto lile alilijua. Alilishika kwenye paji la uso la binti yao wiki nzima, ile wiki ya mwisho.

Bwana Komeo alikuwa fundi wa milango, na jina hilo alipewa na mtaa kwa makomeo yote aliyoyafunga. Alimwambia mkewe chuma hushika joto, basi, yaishe. Hakutaka maneno marefu juu ya mti ule. Mparachichi huo aliuotesha binti yao wa pekee, kokwa ndani ya kopo la maziwa, akauhamishia nyuma ya jiko alipotimiza miaka saba. Alipofika tisa homa ikamchukua. Mti ukabaki, nao wakabaki na mti.

Miaka ikapita, kisha, siku chache kabla ya joto lile, ikaja dhoruba ikaupasua pale penye panda, nusu huku, nusu kule. Jirani aliyekuja na panga kusaidia kuukata aliondoka nalo kwapani, maana mke wa fundi alimtazama tu, akaelewa somo. Fundi akaamua kuutibu kwa kile anachokijua. Alizungusha kamba kwenye matawi, akazivuta nusu mbili mpaka zikakutana, akatoboa shina kwa drili, akapitisha bolti mbili ndefu za geti, akaweka washa pana, vile visahani vya chuma, kila upande na kukaza kwa spana mpaka utomvu ukatoka. Kazi safi. Ungedhani anatengeneza kabati la bibi harusi.

Ila alisahau jambo moja. Ujanani aliwahi kufunga mlango wa stoo, mtu akashinda humo kutwa. Tangu hapo hafungi kitu, hata kabati tupu, kabla ya kubisha mara tatu na kuuliza kama kuna mtu. Mtaa mzima ulimcheka kwa hilo, naye aliwaacha wacheke. Siku ya mti hakubisha. Nani anaupigia mti hodi?

Baada ya joto kikaja kikohozi. Kilikuja alasiri, kikavu na kidogo, kutoka ndani ya shina, na pamoja nacho harufu ya ile dawa tamu ya maji waliyokuwa wakimnywesha binti kwa kijiko. Fundi alirudi kutoka kazini akamkuta mkewe amepiga magoti chini ya mti, kitambaa kibichi mkononi, akikikanda chuma. Jikoni hapakuwa na moto. Siku ya pili vilevile, na ya tatu. Mashavu yake yaliingia ndani, na fundi akaanza kuogopa kwamba atazika tena.

"Ananiita," mkewe alimnong'oneza. "Jana kasema mama."

"Mke wangu, yule tulimzika."

"Najua. Mimi ndiye niliyemwosha."

Fundi akaingia ndani ili asiendelee kumtazama, akapita mbele ya chumba cha binti ambacho hakikuwa kimelaliwa na mtu tangu msiba, akaona mlango uko wazi, na kitandani shuka limebonyea kwa urefu wa mtu mzima, na pale alipokuwa amesimama bado akijiambia kwamba ni mkewe aliyejinyoosha kidogo, ule mbonyeo ukajigeuza ubavu taratibu, kama mgonjwa anayeelekea ukutani, mto ukalowa mbele ya macho yake, doa likakua, likakua, na fundi akasikia mtu akilia kwa kujizuia, mtu asiyetaka kusikika.

Alitoka mbio hadi kwa bibi mmoja mshona magodoro, aliyesifika mtaani kwa kuwajua majini. Bibi alikuja na kifuko chake cha sindano, akatega sikio kwenye shina, akanusa, kisha akamgeukia fundi.

"Mwanangu, wewe mwenye kubisha kila mlango. Hapa ulibisha?"

Fundi akakaa juu ya ndoo. 

"Humo mna mtoto," Bibi alisema polepole. "Si wenu. Ni mtoto wa jini, alijificha ndani ya ufa siku ya dhoruba, nawe ukamfungia. Anatafuta sauti itakayomfungulia, kaipata."

"Mti utaanguka ukifunguliwa," mke wa fundi alisema.

"Utaanguka."

"Basi akae. Nitamtunza mimi."

Bibi hakumkemea. Alimshika kiwiko, akamgeuza aelekee dirisha la chumba cha binti. Pazia lilikuwa limevutwa kando, na kioo kilikuwa na ukungu wa pumzi kutoka ndani.

"Na yule je? Kila siku anasimama pale anakusikiliza ukimbembeleza mwanawe."

Mke wa fundi alilitazama dirisha. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Mumewe alipoinuka kuchukua spana, alimtangulia. Alifungua nati ya chini, akaja ya juu, akazungusha kidogokidogo huku akisema pole mwanangu, pole, tunamaliza sasa. Fundi aligonga bolti zikatoka. Shina likalia kwa ndani, nusu mbili zikaachana, na matawi yakalala juu ya nguo zilizoanikwa.

Kutoka kwenye ufa ikatoka sauti ya binti yao, ileile, na kigugumizi chake kidogo cha usingizini.

"Mama."

Mke wa fundi akafungua kinywa. Lakini nyuma yake, karibu kabisa na shingo, sauti ya mwanamke iliyokauka kwa kulia iliitika kabla yake. Akafumba kinywa, akasogea pembeni, akampisha.