Boya la Nne

Kila siku akitoka shule, Bata alipita nyumbani kutupa begi tu, kisha akateremka mbio hadi kwenye banda la boti kando ya ziwa. Jina la Bata alipewa na baba yake, kwa sababu alijua kuogelea kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Bandani mlinuka petroli na kamba zisizokauka vizuri. Alibeba dumu la mafuta hadi gatini, kiwiko cha kushoto kikiwa kimekunjwa, vilevile kama baba yake alivyolibeba enzi za uhai wake. Halafu alirudi kuuchukua ubao wa baba wa kutelezea majini na kuupangusa kwa kitambaa.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi: motaboti inakwenda moja kwa moja, nawe nyuma yake umeshika mpini wa kamba, miguu yote miwili juu ya ubao mmoja mwembamba. Unakata maji huku na huku kuzunguka maboya sita, matatu kila upande. Jumamosi kulikuwa na mchujo wa timu ya watoto. Asiyezunguka yote sita angebaki gatini kupigia wenzake makofi. Bata alikuwa amejiapiza kuyazunguka yote juu ya ubao wa baba, aliyefariki mwaka uliopita. Lakini kila siku alianguka kwenye boya la nne.

Jumatatu alianguka mara tatu. Shangazi yake, dada wa baba na fundi wa injini za boti, aligeuza motaboti akaizima karibu naye.

"Unakunja mikono," alisema. "Ukiikunja, kamba inalegea. Ikikaza tena, inakunyakua kama mwewe na kifaranga. Nimesema mara ngapi?"

"Arobaini na moja," alijibu binamu yake Bata, msichana waliyemwita Redio kwa kuwa hakuzimika. Yeye ndiye aliyekaa kinyumenyume botini kumwangalia anayevutwa. "Nilianza kuhesabu wiki iliyopita."

"Wewe nawe, nyamaza," shangazi alimkemea.

"Baba alinifundisha hivi," Bata alisema, akitema maji.

"Najua. Na ndicho ninachotaka uache."

Bata alihisi uso wake ukiwaka moto ndani ya maji baridi. Alipanda botini bila kumtazama mtu.

Kesho yake shangazi hakuwasha injini. Alifunga kamba kwenye nguzo nene katikati ya banda, akampa Bata mpini. "Leo majini huingii. Egemea nyuma. Magoti yalegee, mpini ukae karibu na nyonga, mikono inyooke. Uzito ubebwe na mwili, si na mikono."

"Haya ni mazoezi ya watoto wa chekechea."

"Samaki hukunjwa angali mbichi. Wewe tunakunyoosha."

Redio alicheka. Bata hakucheka. Alining'inia pale hadi vidole vikafa ganzi, na kila alipojisahau kiwiko cha kushoto kilijikunja chenyewe. Shangazi alikigonga kwa kidole. Kikajikunja. Akakigonga tena. Mara ya sita Bata aliubwaga mpini, ukaangukia ndoo, maji machafu yakatapakaa sakafuni.

"Unamwonea wivu baba," alisema. "Hata amekufa bado unamwonea wivu. Unataka kila alichoniachia kifutike."

Redio aliinama, akaisimamisha ndoo.

Shangazi aliyaruka yale maji. Mishipa ya shingo ilimsimama. Kisha alikwenda ukutani, akachomoa kwenye msumari koti la baba la kazi, la turubai, ambalo hakuna aliyeligusa tangu msiba, akalitandaza juu ya meza ya spana.

"Tazama mikono yake."

Mkono wa kulia ulilala umenyooka. Wa kushoto ulikataa kulala. Turubai ilikuwa imekauka na mkunjo pale kwenye kiwiko, imechanika kwa kukunjwa miaka mingi pahali palepale. Bata aliubonyeza ulale. Ukainuka tena.

"Alianguka ngazini akiwa na umri wako," shangazi alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeuma meno. "Aliogopa kugombezwa, akaficha wiki tatu. Alipopelekwa hospitali, mfupa ulikuwa umeshajiunga vibaya. Mkono ule haukunyooka tena maisha yake yote. Na mimi nilijua tangu siku ya kwanza. Alinisihi nisiseme, nikamsikiliza kama mjinga. Kwa hiyo usiniambie habari za wivu."

"Hakuniambia."

"Alikuwa anaona aibu. Ulidhani ni mtindo, kumbe ni jeraha. Sasa nijibu wewe uliyekuwa hukosi kumtazama. Uliwahi kumwona akizunguka boya la tano?"

Bata alijaribu kukumbuka. Alimwona baba akikata maji, akicheka, akipungia gatini. Alimwona akizunguka boya la kwanza, la pili, la tatu. Zaidi ya hapo hakumwona.

Hasira haikumwisha. Ilihama tu. Sasa alimkasirikia baba, kwa kuficha, kwa kumwachia kiwiko kibovu badala ya maneno machache ya kweli, na kwa kufa kabla ya kuulizwa. Alipomwambia shangazi hivyo Jumatano, shangazi alimkabidhi mpini.

"Mkasirikie. Hata mimi namkasirikia. Ila umkasirikie mikono ikiwa imenyooka."

Jumatano na Alhamisi walikwenda mwendo wa pole, ule wa wanaoanza. Watoto wadogo gatini walimzomea kwamba bata mzima anatembezwa kama kifaranga. Alisaga meno akaendelea. Ijumaa mwendo ukaongezwa, akaanguka kwenye boya la tano.

"La tano," Redio alitangaza kwa ziwa zima. "Habari kamili baadaye."

Jumamosi Bata aliingia majini akiwa wa nne kwa zamu. Maboya matatu yalipita. Kwenye la nne kiwiko kiliitaka njia yake ya zamani. Alikihisi kikianza kukunjika. Akalegeza magoti, akaachia mwili uegemee, macho ng'ambo ya ziwa. Kamba ikabaki imekaza. La tano. La sita.

Alipotoka majini, shangazi alimfunika taulo mabegani.

"Sikiliza, mwanangu," alisema polepole. "Anayekufundisha anakupa mazuri yake pamoja na makosa yake, na mara nyingi hata yeye hajui lipi ni lipi. Kuacha kosa la mtu si kumwacha mtu. Chukua upendo wake, chukua na ubao wake. Jeraha mwachie apumzike nalo. Na wewe ukiumia, sema siku hiyohiyo."

Bata aliitikia kwa kichwa. Kisha akaliokota dumu tupu, akalibeba kurudi bandani, mkono wa kushoto ukiwa umenyooka hadi chini.