Kaburi la Mfalme Kipofu

"Maneno yako yote yamo kitabuni, Bibi. Jina lako ndilo halimo."

Mjukuu aliibana simu begani, maana mikono ilikuwa bado na gundi. Alikuwa fundi wa makumbusho, aliyewamba upya ngozi za ngoma za watawala wa kale. Mchumba wake, mhadhiri wa historia, alikuwa anazindua kitabu cha ufalme wa ukoo wa Bibi alasiri hiyo hiyo, ukumbini, hatua chache kutoka karakana yake.

Mwaka jana mwanamume huyo alishinda jikoni kwa Bibi majuma sita, simu ikirekodi juu ya meza, akila, akishiba, akimtania kikongwe "mke wangu", huku akitajiwa wafalme kumi na tisa mmoja mmoja. Leo kitabu kinasema orodha ni jasho lake mwenyewe, utafiti wa miaka minane.

Fundi alikuwa amemwandikia asubuhi kumuuliza. Jibu lilikuwa bado kwenye simu: "Mpenzi, usianze leo. Hadithi za jikoni si historia mpaka msomi aziandike. Vaa lile gauni la bluu, ukae mbele."

"Na yule kipofu kamweka?" Bibi aliuliza.

"Aliyewatambua ng'ombe wake kwa kupapasa pembe? Kampa sura nzima. Anasema hata kaburi lake amelichimba. Picha ipo."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Kisha akamweleza jambo ambalo mjukuu hakulijua, kwa kuwa kwao msichana hupewa orodha siku ya ndoa. Anayekuja kuposa hutajiwa wafalme pamoja na mmoja wa kubuni. Akivumilia mpaka ndoa, maharusi huambiwa wote wawili ni yupi, wamtoe. Akikimbia nayo kabla, amejianika mwenyewe.

"Kipofu nilimtunga nikimenya viazi," Bibi alisema.

Fundi hakuvaa gauni la bluu. Aliingia ukumbini na aproni yake ya kazi, akasubiri hotuba ziishe, akanyoosha mkono.

"Kaburi la mfalme kipofu ulilipataje?"

Mhadhiri alitabasamu, akawaambia watu huyu ndiye mke wake mtarajiwa. Wakapiga makofi. Akaeleza alivyochimba siku kumi na nne kwenye jua kali, akakuta mifupa na pembe za ng'ombe.

"Una uhakika ni yeye?"

"Kama ninavyokuona wewe."

Hapo fundi akaisogeza simu, Bibi akiwa hewani, kwenye kipaza sauti. Bibi akawasalimu watu vizuri, akaeleza desturi yao, akaeleza na viazi. Kisha akauliza kwa upole kabisa:

"Mume wangu, umemzika lini mtu ambaye hakuzaliwa?"

Kicheko kilianzia viti vya nyuma, kikaja mbele kama maji. Mhadhiri alifungua kitabu, akakifunga. Fundi alipotoka, akamkimbilia kwenye korido.

"Umeniua mbele ya watu. Ungeniambia pembeni."

"Nilikuuliza asubuhi. Ukaniambia nivae gauni."

"Nitaliweka jina lake. Toleo la pili, ukurasa wa kwanza."

"Ungeliweka bila kufumaniwa, ningekuwa mkeo." Alihangaika na pete, gundi imeishika. Akaizungusha mpaka ikatoka na kipande kidogo cha ngozi, akamwekea juu ya kitabu. "Ulikuwa umebakiza miezi miwili tu kuambiwa ukweli. Umeshindwa kukaa miezi miwili na sisi."

Alirudi karakana, akajifungia, akalia kwa hasira zaidi ya huzuni. Simu ikaita.

"Njoo nyumbani," Bibi alisema. "Nikupe orodha."

"Ndoa haipo tena, Bibi."

"Nani kakuambia nakupa kwa ajili ya mwanamume? Desturi nimeishika mimi miaka sitini. Leo naipinda kidogo. Njoo."

Walikaa jikoni mezani. Bibi alitaja, mjukuu akafuatisha, jina kwa jina, mpaka walipofika mahali pa kipofu.

"Huyu nitamkumbuka," Bibi alisema. "Alikuwa mtu mwema."

Akamruka, akaendelea na anayefuata.