Mto wa Kitabuni

Kila asubuhi kabla ya kengele, Chiriku alimsaidia mama yake kubeba nguo za wateja hadi mtoni. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu ya mdomo wake usiotulia. Mama alikuwa dobi. Tangu karakana ya kutia nguo rangi ifunguliwe kule juu, maji yalishuka mekundu, na mikono ya mama ilichubuka hata kushika sabuni ikawa mateso.

Siku hiyo somo la Kiingereza lilihusu mto. "Mto hutupatia maji safi, samaki na mchanga," kilisema kitabu, na pembeni palichorwa maji ya buluu. Mwalimu akawataka waandike insha kuhusu mto wao. Chiriku, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, akaandika kwamba mto wao ni mwekundu, unanuka, na unamchubua mama yake.

"Hapa si mahali pa malalamiko," mwalimu alimwambia. "Mtihani unataka maneno ya kitabuni. Andika upya."

"Lakini mwalimu, mto wenyewe…"

"Andika upya, mwanangu."

Chiriku aliikunja insha yake, akaitia mfukoni. Akaandika nyingine kwa hasira, kalamu nusura itoboe karatasi: maji ya buluu, samaki wanaocheza, ndege waimbao. Alipewa alama zote na insha ikabandikwa ukutani. Kila alipoipita alitamani kuichana. Alama zote kwa uongo mtupu!

Wiki iliyofuata, bwana afya alipita shuleni, akaingia darasani kwao kuuliza habari za maji. Aliisoma insha ile, akatabasamu.

"Watoto hawafichi kitu," alisema. "Basi huku hakuna shida. Ngoja niende mtaa mwingine."

Akafunga mkoba wake. Chiriku akasimama. Mtu huyu akiondoka, nani atarudi kuitazama mikono ya mama?

"Shikamoo, mzee! Samahani, insha hiyo ni yangu na ni ya uongo! Huo ni mto wa kitabuni. Wetu uko hapo nyuma, twende ukauone!"

Mwalimu aliinamisha kichwa, kisha akasema, "Ni kweli. Mimi ndiye niliyemwambia afuate kitabu."

Waliteremka wote mtoni. Bwana afya alichota maji kwa chupa, akayainua juani. Hakuhitaji kuuliza tena. Karakana ilifungwa mpaka ilipojenga mahali pa kusafishia maji yake, na mikono ya mama ikaanza kupona, polepole.

Mwalimu aliibandua insha ya ukutani, akamwomba Chiriku ile ya kwanza, iliyochakaa mfukoni.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," aliwaambia wanafunzi. "Kitabu chetu kinataja kila kitu mto unachotupatia, lakini hakiulizi sisi tunaupatia nini. Jifunzeni lugha yake, ila mtazame kwa macho yenu wenyewe."

"Na alama zangu, mwalimu?" Chiriku hakuweza kujizuia.

Mwalimu aliisoma insha ile mpaka mwisho, akaibandika ukutani.

"Makosa ya Kiingereza ni mengi, Chiriku. Uongo, hata mmoja hakuna."