Sifa Aliyobandikwa Maige

"Mwanangu alimsifia mume wako! Mwongo ni huyo wako, tena mwongo wa kutupwa!"

Sauti ya Mama Letisia ilisikika hadi kisimani. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko lake, mikono kiunoni, kanga imekazwa. Mbele yake alisimama jirani yake Minza, mama yake Leah, mmoja wa wafugaji waliohamia Mbekenyera kutoka upande wa Ziwa.

"Mama Letisia, sikuja kugombana," alisema Minza. "Nimekuja kuuliza tu."

Ndani ya jiko, Letisia alikuwa amechuchumaa na ungo wa ufuta. Jiko lile lilikuwa na mlango mmoja tu, na mama yake alikuwa ameuziba. Moshi ulimwingia machoni, lakini hakuthubutu hata kukohoa.

Majirani walishaanza kujisogeza. Mama Twaha alikuwa anapita tu na ndoo ya maji kichwani. Akasimama kusikiliza, na ndoo hakuitua. Lusiana alikuja kuomba chumvi, kisha akaisahau chumvi yenyewe.

Chanzo kilikuwa Siku ya Kiingereza pale shuleni. Wazazi walikuwa wamealikwa, wakajaa uwanjani. Mwalimu Nicholaus akawapa wanafunzi wa darasa la sita neno moja, *harsh*, akaeleza kwamba ni sifa ya mtu au kitu kikali. Kila mshindani ataje maneno yanayokaribiana nalo, na kila neno alitungie sentensi. Mwenye maneno mengi ndiye mshindi.

Hassani alitaja moja akakwama. Leah alitaja mawili. Letisia alikuwa amekesha na kamusi ya parokiani, maneno yamemjaa mdomoni, ila hakuwa na mtu wa kumtia kwenye sentensi. Akaangaza macho uwanjani. Nyuma kabisa, ameegemea fimbo yake, akamwona Maige, baba yake Leah.

"Mister Maige is harsh!" alisema Letisia. "Mister Maige is severe! Mister Maige is cruel! Mister Maige is brutal!"

Uwanja ulilipuka kwa makofi. Wazazi hawakujua maana, na hata wanafunzi wengi walishangilia wingi wa maneno tu. Maige, aliposikia jina lake likitajwa mara zote hizo, alivua kofia, akatabasamu, naye akapiga makofi kuliko wote. Leah peke yake aliinamisha kichwa.

Jioni Maige alimwomba binti yake amfasirie sifa zake. Leah akakwepa, akabanwa, mwishoni akasema: wamekuita mkatili, wamekuita mnyama. Minza alipokuja kuuliza mara ya kwanza, Letisia alimdanganya mama yake kwamba alimwita Maige hodari na shujaa. Na Mwalimu Nicholaus, ambaye angemaliza ubishi, alikuwa ameitwa semina Nachingwea.

"Baba yake amesema hivi," Minza aliendelea, sauti imeshuka. "Kama Leah amemzulia, basi shule inamfundisha uongo. Jumatatu anakwenda Mandawa kwa mjomba wake Isaka, akachunge ndama. Shule ndiyo basi."

Letisia aliuweka ungo chini.

"Leti!" mama yake aligeuka. "Toka hapo useme mbele ya watu. Ulimsifia, hukumsifia?"

Letisia alitazama juu. Macho ya mama yake yalijaa imani. Akikubali, anampoteza Leah, waliyeketi naye dawati moja tangu darasa la tatu. Akikana, anamvua mama yake nguo mbele ya Mama Twaha, na kwa Mama Twaha habari hailali. Alitafuta pa kupita, asipaone.

"Ni... nilimsifia," alisema.

Minza alitikisa kichwa. "Haya," alisema, akaondoka polepole kuelekea kwake.

Hapo ndipo maneno yalipoanza kumiminika.

"Kumbe katoto ka Minza ndiko kazushi!" alisema Lusiana. "Na kanavyojua kuamkia, utadhani kamalaika!"

"Acha kaende kakachunge," alisema Mama Twaha. "Kumzulia baba mzazi, shoga yangu? Leo baba, kesho atakuzulia wewe."

Walicheka. Letisia aliona kila kicheko kinamsukuma ukutani. Leah hajazua chochote. Leah alisema kweli, na kweli ndiyo inayomfungisha virago.

"Mama."

"Nini tena?"

"Sikumsifia."

Kicheko kilikatika. Mama Twaha alishika ndoo yake kwa mikono miwili.

"Rudia," alisema Mama Letisia.

"Leah amesema kweli. Nilimwita mkatili. Nilitaka kushinda, mama. Halafu nikaogopa."

Mama yake hakumpiga wala hakupiga kelele. Alimshika mkono, akampitisha katikati ya wale wanawake kana kwamba ni miti. Letisia alisikia chozi la aibu likishuka hadi kidevuni.

"Atanichapa kwa ile fimbo," alinong'ona njiani.

"Hukuiogopa uwanjani," alijibu mama yake.

Maige alikuwa zizini akitenga ndama. "NANI HAPO?" aliuliza, na sauti yake ikafanya kunguru waruke.

"Shi... shikamoo, Baba Leah."

"MARAHABA! Sema."

Letisia alisema yote, macho kwenye vidole vya miguu. Minza alitoka nje. Leah akasimama nyuma yake na furushi lililofungwa nusu.

"Na kwa nini mimi?" aliuliza Maige. "Watu walijaa uwanja mzima."

"Siku ile tulipopanda uzio wa zizi, ulitufokea sana."

"Dume lilikuwa limekata kamba, mwanangu! Lingewakanyaga. Ulitaka ninong'one? Sauti hii imezoea kuita ng'ombe walio ng'ambo ya pori, sina nyingine." Alipumua. "Hayo maneno yako manne, uzito wake ni mmoja?"

Letisia alitikisa kichwa. "*Harsh* ni mkali tu. *Severe* amezidi kidogo. *Cruel* ni mtu anayewatesa wenzake. *Brutal* ni kama mnyama."

"Kwa hiyo ulijua." Maige aliegemea uzio. "Ng'ombe nikimpiga chapa, kwanza namtazama vizuri, maana moto ule haufutiki. Ukitaka kumpa mtu sifa, hasa sifa kali, mtazame kwanza kama inamfaa. Usichukue nzito kwa sababu tu inapigiwa makofi. Na ukishakosea, sema mapema. Uongo wako ulikuwa unakwenda kulipwa na mwenzio."

"Nisamehe, Baba Leah. Mwalimu akirudi, nitasema mbele ya darasa zima."

"Utasema." Maige akamgeukia binti yake. "Na wewe Leah, fungua huo mzigo. Ulisema kweli, nikakuona mzushi. Hapo nimekosa mimi."

Leah alimkazia macho Letisia. "Yaani umenishinda kwa kutumia baba yangu mwenyewe! Angalau ungemchukua wa kwako."

"Wa kwangu hakuja," alisema Letisia, na wote wawili kicheko kikawaponyoka.

Mama Letisia alikuwa bado amesimama kando, ameshika pindo la kanga. "Mama Leah," alianza, "nimemwita mtoto wako mwongo, na mtaa mzima umesikia. Nitapita nyumba kwa nyumba nikasahihishe."

"Utapita kesho," alisema Minza.

"Basi acha sisi twende, nimeacha moto jikoni."

"Uende wapi na ugali umeshaiva?" Minza alilisukuma pazia la mlango kwa kiwiko, akachukua birika la maji ya kunawa. "Maziwa ya mgando yapo tele. Letisia, lete mikono hapa. Mama Letisia, karibuni ndani tule."