Ticha wa Bwawani

Jumamosi hiyo bwawa la manispaa lilikuwa limefurika watu. Watoto wanarukia majini kwa makelele, akina mama wamekaa pembeni na mataulo mapajani, filimbi ya mwokoaji inalia na hakuna anayeisikiliza. Katikati ya vurugu hiyo akajitokeza kijana mmoja mrefu, mabega mapana, amevaa kaptula mpya ya maua mekundu yenye kikaratasi cha dukani bado kinaning'inia nyuma. Alitembea ukingoni kifua mbele, kama bwawa ni la baba yake. Hatua ya tano mguu ukateleza, akaingia majini chali, chubwi!

Alipoibuka alikuwa akipigapiga maji kwa mikono yote miwili.

"Nakufa! Jamani, nakufa!"

Dada mmoja mwenye vazi jeusi la kuogelea na kofia ya mpira ya rangi ya machungwa akamfikia kwa mikupuo miwili, akamshika kwapani.

"Hufi. Simama."

"Nazama!"

"Kaka, simama! Maji yanakuishia kiunoni."

Kijana akasimama. Kweli, maji yalimwishia kiunoni. Watoto waliangua kicheko hadi wengine wakameza maji.

"Ahsante," akasema huku akijifuta uso. "Umeniokoa."

"Kutoka wapi? Kwenye beseni?"

"Unafundisha hapa?"

"Hapana. Nafanya kazi benki, kitengo cha mikopo."

"Basi wamekupeleka ofisi siyo. Mtu anayemwambia anayekufa 'hufi', naye akaamini, huyo ni mwalimu."

"Hukuamini. Umenipiga kiwiko."

"Niliamini baadaye kidogo." Akatabasamu, na dada akagundua kwamba lile tabasamu linaanzia machoni. "Nifundishe, Ticha. Nakuomba."

"Usiniite Ticha."

Akaendelea kumwita hivyohivyo, na jina likamganda.

Jumamosi iliyofuata Ticha alijua kwamba mwanafunzi wake ni mwendesha kreni. Mchana kutwa hukaa juu kabisa, ndani ya kijumba cha vioo, akinyanyua vyuma na zege kwenye jengo jipya lililokuwa likipanda mtaa wa pili kutoka benki.

"Yaani huko juu huogopi, unaogopa maji ya kiunoni?"

"Kule nina kiti, nina mkanda. Huku nina wewe tu."

"Na mimi sikutoshi?"

"Ndiyo nachunguza."

Ticha akacheka, akamtia jina naye: Mawingu. Akamlaza chali juu ya maji, kiganja kimoja kimeshika kisogo chake. "Legeza shingo. Shingo, Mawingu, siyo tumbo! Masikio yaache yazame. Tazama juu." Jitu lile zima likalegea mkononi mwake, kope zimelowa, linapumua taratibu. Ticha alilitazama muda mrefu kuliko somo lilivyohitaji.

Siku za kazi walizungumza kwa simu.

"Umevaa blauzi ya njano leo," Mawingu alisema siku moja adhuhuri.

Ticha akageuka dirishani. "Muongo wewe, umejuaje?"

"Nimepumzika, nakula embe langu, nakuona. Umeshika kiuno. Mbona umeshika kiuno, mpenzi? Nani kakuudhi?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mpenzi. Ticha aliachia kiuno, akashika dirisha.

"Hakuna aliyeniudhi. Nimechoka tu."

Alisema kweli, ila uchovu ule haukuwa wa mwili. Alikuwa na miaka minane benki. Alijua kazi yake, hakuna aliyemlalamikia, na kila asubuhi alipovaa suti yake ya kijivu na viatu vya kisigino alijiona kama anamvalisha mtu mwingine. Tatizo ni kwamba hakujua huyo mwingine ampeleke wapi. Marafiki zake walikuwa wakisema wanataka biashara, wanataka kusoma zaidi, wanataka kwenda ng'ambo. Akiulizwa yeye, alibaki mdomo wazi.

Siku chache baadaye bosi wake, mwanamke mpole wa miwani mikubwa, alimwita na kumfungia mlango.

"Nataka uwe mkuu wa kitengo. Nijibu ndani ya wiki moja, lakini mimi jibu nalijua."

Ticha alishukuru vizuri. Kisha akaenda chooni, akajifungia, na akashangaa kuona analia.

Alipomwambia Mawingu, simu nusura ipasuke kwa furaha.

"Meneja! Mpenzi wangu meneja! Subiri, niwapigie honi walioko chini!"

"Sijui kama nakitaka hicho cheo."

"Nani hakitaki cheo? Unataka nini basi?"

"Sijui, Mawingu."

"Basi ukikosa cha kutaka, chukua ulichopewa."

Ticha akaaga, akarudi kwenye mafaili yake.

Wakati huo darasa la Jumamosi lilikuwa limeongezeka bila yeye kutangaza. Kulikuwa na ndugu wawili wenye duka la vipuri, bibi mmoja mstaafu mwenye kofia ya mauamaua, na nesi ambaye tangu utotoni hakuwahi kuingiza uso majini, hata wakati wa kuoga. Kwa nesi huyu Ticha alijaribu kila njia. Alimwambia apulize mapovu, akakataa. Alimwambia ahesabu, akalia. Jumamosi ya wiki ile akaacha kumwambia chochote. Akajizamisha mwenyewe, akafumbua macho chini ya maji, akangoja. Baada ya muda akaona uso wa nesi unashuka polepole mbele yake, mashavu yamevimba, macho kayakodoa, na wakatazamana humo chini kama watu wawili waliokutana nchi ya mbali. Walipoibuka nesi alipiga ukelele wa furaha uliomshtua mwokoaji.

Jumatatu mteja aliketi mbele ya meza ya Ticha akieleza mradi wake wa kuku. Ticha akajikuta anaitazama shingo ya mteja na kufikiri: huyu atakaza mabega, huyu nitamwanzishia miguuni. Akacheka peke yake. Alikuwa amejiuliza miaka mingi anataka kuwa nani, kumbe kila Jumamosi alikuwa tayari ndiye.

Akamwomba mteja radhi, akamhudumia mpaka mwisho, halafu akaenda kugonga mlango wa bosi.

"Nakushukuru sana, ila sitachukua hiyo nafasi. Na mwisho wa mwezi naondoka."

"Umepata benki gani?"

"Sijapata benki. Nimepata bwawa."

Bosi alivua miwani, akaivaa tena.

Mawingu habari hiyo aliipata Jumamosi jioni, wakiwa wamekaa kwenye ngazi za bwawa na nywele mbichi. Aliikunjakunja taulo yake.

"Kesho tunakula kwa mama," akasema. "Nimeshamwambia kuhusu umeneja. Nakuomba kesho tu, usiliguse hilo."

"Siwezi kulianzisha mimi. Lakini nikiulizwa, sidanganyi."

Mama yake Mawingu alikuwa mjane mwenye sauti nzito na gauni la zambarau lililopigwa pasi hadi likasimama. Nyumba yake ilinukia nta ya sakafu na vitunguu vya kukaanga. Alimkalisha Ticha karibu yake, akampakulia mwenyewe, kisha akasema, "Haya, mwanangu. Ndiye meneja wetu huyu?"

Kijiko cha Mawingu kilisimama njiani.

"Hapana, mama," Ticha akajibu. "Nimekataa. Benki naiacha. Nataka kufundisha watu kuogelea."

Dada yake Mawingu, aliyekaa mkabala nao, akamtazama mama, mama akamtazama Ticha, na hakuna aliyetafuna. Ndipo Mawingu akacheka, kicheko kikavu kirefu.

"Anatania huyu, mama! Ana utani, acha tu!"

Ticha alimaliza chakula chake chote, akamsifia mama mapishi, akamshika mkono kumuaga. Mawingu alipomfuata getini, alimwambia, "Rudi ndani. Mgeni wenu ameshaondoka."

Simu ilianza kulia kabla hajafika kwake.

"Kwani nimesema nini kibaya, mpenzi? Nilitaka tu mezani pasiharibike."

"Umesema natania."

"Neno moja tu!"

"Kwa miaka minane sikuwa na jibu. Leo nimepata jibu, nimelisema kwa mdomo wangu, na wewe umelicheka. Umenifuta mbele ya mama yako."

"Basi nisamehe."

"Mimi unanipenda au ile suti?"

Mawingu alikawia kujibu, na huko kukawia ndiko kulikomuumiza Ticha zaidi. Akakata.

Baba yake Ticha naye alipiga. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na hata kwenye simu alizungumza kama amesimama mbele ya gwaride.

"Nimesikia umeacha kazi. Nilikusomesha ili uje ushinde majini na nguo ya kuogelea?"

"Baba, nakuheshimu. Na nina akili timamu."

"Nani atakuoa?"

"Atakayeoa mwalimu wa kuogelea. Asipokuwepo, basi, baba. Sirudi benki."

Mzee akakata simu, na kwa miezi kadhaa hakupiga tena.

Ticha aliuza gari, akahamia chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta, akajiandikisha kozi ya ukufunzi. Mtihani wa kwanza alifeli. Alitakiwa amvute mtu mzito kutoka upande mmoja wa bwawa hadi mwingine ndani ya muda, akachelewa. Usiku hakulala vizuri, lakini asubuhi alikuwa majini kabla mgahawa wa bwawani haujafunguliwa. Akarudia, akafaulu. Meneja wa bwawa alimpa darasa la asubuhi la watoto na la alasiri la watu wazima, akamwonya kwamba watu wazima hawaji. Wiki ya kwanza nesi alikuja na manesi wenzake sita.

Huko juu Mawingu aliinua vyuma na kuvishusha. Kwenye dirisha la benki alikuwa amekaa mtu mwingine mwenye shati jeupe. Jioni moja alipita kwa mama yake, akakaa jikoni, akakiri.

"Siku ile hakuwa anatania."

"Kwani mimi sijui?" mama akasema, akimenya viazi. "Nilinyamaza kwa kuwa nilimpenda palepale."

"Nilidhani unataka meneja."

"Nani kakwambia? Ulikuja hapa, hata kukaa hujakaa, ukasema 'mama, nimepata meneja'. Hukusema anacheka vipi, hukusema ana roho gani. Wewe ndiye unayeona aibu kuendesha kreni, mwanangu, ukataka mtu akufunike. Mimi naipita ile kreni kila siku na kumwambia kila mtu, 'mule juu yumo wangu'."

Mawingu aliinamisha kichwa. Mama akamsukumia kisu na kiazi. "Menya. Halafu ukamtafute."

Alimkuta Ticha Ijumaa alasiri, amesimama ukingoni na fulana ya buluu yenye neno MKUFUNZI mgongoni, anapaza sauti. "Miguu, bibi, miguu! Usinipigie teke la kufukuza paka!" Bibi mstaafu akafoka kutoka majini kwamba paka ndiye Ticha. Watu wazima kumi na kitu walikuwa wakicheka na kukohoa. Mawingu, na mabuti yake ya kazi yaliyokauka saruji na kofia yake ngumu mkononi, alisogea.

"Ticha."

Hakugeuka. "Nina darasa."

"Nitasubiri."

"Jua kali hapo."

"Nimezoea jua."

Akasubiri mpaka wa mwisho alipotoka majini. Wanafunzi hawakuondoka, walifunga mataulo polepole mno.

"Sema," Ticha akasema, mikono kifuani.

"Ningeweza kukwambia nilimwogopa mama. Si kweli. Nilikuwa naionea aibu kazi yangu, nikataka kusimama nyuma ya cheo chako. Ulipokitupa nikabaki uchi. Ndiyo nikacheka." Akaigeuza kofia mkononi. "Uliniuliza nakupenda wewe au suti. Mimi suti nimeiona kwa mbali tu, dirishani. Niliyempenda alikuwa na kofia ya mpira."

"Ulipaswa kunijibu siku ile."

"Nilipaswa."

"Na sitakaa pembeni yako nikisubiri unipe ruhusa ya kusema mimi ni nani."

"Usikae. Mimi ni dereva wa kreni, wewe unafundisha kuogelea, asiyetaka aziangalie shughuli zake. Nataka kukuoa, Ticha. Nitakwenda kwa baba yako nimwambie hivyohivyo."

"Baba hata simu yangu hapokei. Na mimi hujaniuliza, umenitangazia."

Nesi akakohoa kwa makusudi. Mawingu akaitua kofia sakafuni.

"Utakubali tuoane?"

Ticha alimtazama kuanzia mabuti hadi nywele. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini haikuwa peke yake tena.

"Nakubali. Ila ukicheka tena kile kicheko chako, nakutumbukiza kule kwenye kina."

Wanafunzi wakapiga vigelegele. Bibi mstaafu akasema alijua tangu zamani. Ticha akachukua simu yake kwenye benchi, mkono umelowa, akapiga palepale, akaweka sauti juu. Ikaita sana. Ikapokewa.

"Baba, shikamoo. Kuna mtu anataka kuja kukuona Jumapili kwa ajili yangu."

Ile sauti ya gwaride ikauliza: "Anafanya kazi gani?"

"Anaendesha kreni."

Mawingu alinyoosha mgongo kana kwamba mzee anamwona.

"Na wewe?"

"Mimi nafundisha watu kuogelea, baba."

Walimsikia mzee akivuta pumzi, akisogeza kiti, akikohoa kidogo.

"Jumapili saa ngapi?"

"Saa nane, baba," Ticha akasema. "Asubuhi nina darasa."