Mwandishi wa Ngamia Wenye Mabawa

Soko la maziwa mjini Garissa asubuhi ni vurugu tupu. Abdiwali alirudi nyuma bila kuangalia, akamgonga msichana mwenye dera la samawati, maziwa ya ngamia yakamwagikia viatu vyake vipya.

"Kaka, una macho kweli?"

"Nisamehe, abaayo, dada yangu. Nitakununulia mengine."

"Na viatu je?"

Wakacheka, mapenzi yakaanzia hapo. Kwa desturi, Abdiwali alimuuliza ni wa nani. Msichana, jina lake Khadra, akamtajia baba na mababu, wakaona si ndugu wa karibu. Abdiwali akaridhika. Mwanamume huyo, jamani! Mama yake ni nani, hakuuliza.

Tangu hapo simu hazikukatika.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe unaandika nini kila siku?"

"Siri. Kikitoka utajivunia."

Alikuwa akiandika kitabu cha maisha ya Batula, yule mwandishi mashuhuri wa riwaya za ngamia wenye mabawa na miji ya majini. Idhini hakuomba, maana Batula husema "la" kabla hujamaliza salamu.

Siku moja, wakinywa chai hotelini, uvumilivu ukamshinda. Akamsomea Khadra kwa majivuno: "Batula alimtupa binti yake mchanga kule Ijara, akaenda Nairobi kutafuta jina."

Khadra akaweka kikombe chini.

"Nani kakwambia?"

"Wazee wa Ijara."

"Binti huyo ni mimi."

Akajitanda shali akaondoka. Abdiwali alipiga simu wiki nzima. Hatimaye Khadra akapokea.

"Khadra, wallahi, nitaifuta sura yote!"

"Usiifute. Aliniacha, ni kweli, na niliumia sana. Lakini alirudi, akanichukua mbele ya wazee haohao. Hilo walikwambia?"

"Hawakusema."

"Uliuliza wanaume peke yao. Hata mimi ulinihesabia mababu, ukasahau nina mama."

Abdiwali aliona aibu.

"Nakupenda, Khadra. Nataka kukuoa. Niende kwa baba yako?"

"Baba atakubali upesi. Anza na hooyo."

"Mama yako? Atanifukuza!"

"Huenda. Nenda."

Akaenda, kanzu imepigwa pasi, jasho linamtoka. Batula mwenyewe alifungua mlango, miwani puani.

"Wewe ndiye unayeniandika?"

"Ndiyo, mama. Lakini nimekuja kumwomba Khadra."

Batula akampisha apite.

"Kitabu hukuniomba. Huyu, angalau, umekuja kuniomba."